Mfumo mpya wa tarakilishi usizifungie rekodi za Kisumu

MNAMO Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi uliozinduliwa mwaka wa 2015. Mjini Kisumu, siku hiyo ilipita bila kishindo. Tarakilishi hazikuzimika, na madukani kando ya Oginga Odinga Street risiti ziliendelea kuchapishwa.

Hata hivyo, ukimya huo usitulaghai. Anayetaka kuhamia Windows 11 hukabiliwa na vikwazo viwili, na cha pili hakizungumzwi sana.

Cha kwanza ni mashine yenyewe. Windows 11 hudai kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na kichakato cha miaka ya karibuni. Kwa mashine za Intel, vichakato vingi vinavyokubalika ni vya kizazi cha nane kwenda mbele, ambavyo vilianza kuuzwa mwaka wa 2017. Tarakilishi nyingi zilizotumika ng'ambo kisha zikauzwa humu nchini ni za kabla ya hapo.

Cha pili ni programu. Windows 11 hutolewa kwa muundo wa biti 64 pekee. Programu za biti 16, yaani zile za enzi ya DOS na Windows 3.1, hazifunguki ndani yake kamwe, ilhali Windows 10 ya biti 32 ilikuwa bado ina njia ya kuziendesha. Zile za biti 32 huendelea kufanya kazi, lakini printa kuukuu ambayo mtengenezaji wake hakuiandalia kiendeshi cha biti 64 hubaki pambo la mezani.

Chukua mfano wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyeandikiwa programu ya hesabu katika miaka ya tisini. Aliyeiandika alikwisha kuhama, na diski ya awali haionekani. Madeni ya wateja, bei za mali na malipo ya wafanyakazi vyote vimo ndani ya faili ambazo ni programu hiyo moja tu inayoweza kuzisoma. Siku mashine yake itakapokufa, hatapoteza chombo tu. Atapoteza kumbukumbu ya biashara yake.

Si haki kumlaumu mtengenezaji kwa kila jambo. Programu za kale ni mlango wa wezi. Mnamo Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipenya kupitia kasoro katika njia ya zamani ya Windows ya kugawana faili, kikaenea katika nchi zipatazo 150 na kuzilazimu hospitali za Uingereza kuahirisha huduma kwa wagonjwa. Microsoft ilibidi itoe marekebisho ya dharura hata kwa Windows XP, ambayo ilikuwa imeacha kuihudumia tangu Aprili 2014.

Tatizo ni kwamba gharama ya uamuzi huo humwangukia asiye na sauti ndani yake. Kwa mashirika, Microsoft ilitoza dola 61 kwa kila tarakilishi ili kuendelea kupata marekebisho kwa mwaka wa kwanza, bei ikiongezeka maradufu kila mwaka. Kwa miaka mitatu, hiyo ni dola 427, takriban Sh55,000, kiasi kinachoweza kununua mashine nyingine.

Sheria nazo zinambana mfanyabiashara kutoka pande mbili. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka wa 2015 humtaka ahifadhi rekodi zake kwa miaka mitano. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 nayo humtaka azilinde ipasavyo taarifa za watu alizo nazo. Akibaki na mfumo usiorekebishwa, anahatarisha ulinzi huo. Akihama bila maandalizi, rekodi huenda zisifunguke.

Njia ya kutokea haiko mbali. OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa iliyoasisiwa mwaka wa 2004, ilianza kutumika Eldoret mwaka wa 2006. Juu yake ndipo ilipojengwa KenyaEMR, inayotumika katika kliniki za umma, zikiwemo za kaunti za ziwani ambako mzigo wa HIV ni mkubwa. Kwa kuwa msimbo wake uko wazi, wataalamu wa Kenya wanaweza kuurekebisha bila kungoja ruhusa ya kampuni ya ng'ambo. Ni kweli kwamba wataalamu hao lazima walipwe, ila malipo hayo hubaki nyumbani.

Kwa mwenye duka, hatua ya kwanza ni kuzitoa rekodi zote katika jedwali la maandishi matupu na kuhakikisha kwamba zinasomeka kwenye mashine nyingine, kabla ya kubadilisha chochote. Programu ikikataa kuzitoa, tarakilishi kuukuu na itengwe na intaneti, au programu huria kama DOSBox, inayoigiza mashine za enzi ya DOS, ijaribiwe.

Serikali za kaunti, kuanzia Kisumu hadi Homa Bay, ziende mbali zaidi. Kila mkataba wa kununua programu za hospitali au za ukusanyaji ushuru sokoni ueleze jinsi data itakavyotolewa siku programu hiyo itakapoachwa. Swali hilo liulizwe kabla ya kutia sahihi, wakati muuzaji bado ana haja ya kujibu.