Kabla Hujasema "Bwana Ameniambia"

Wanachuo wenzangu, naomba nianze kwa kukiri. Mwaka jana, nikiwa mwaka wa pili na kiongozi wa maombi katika kikundi chetu cha Kikristo hapa chuoni, nilimdanganya mwenzangu kwa jina la Mungu. Sikukusudia kudanganya. Siku ile niliamini kabisa ninachokisema. Lakini nilichokisema hakikuwa kweli, na aliyelipa gharama hakuwa mimi.

Ilikuwa hivi. Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, ambaye ameniruhusu niandike habari hii bila kumtaja jina, alikuja kwenye maombi ya jioni tunayofanyia kule kwenye vimbweta. Awamu zote za majina ya mkopo zilikuwa zimetoka, lake halimo. Baba yake alishafariki, mama yake anauza mbogamboga, na ile hela aliyokuja nayo ilikuwa imeishia kwenye usajili na godoro. Akaeleza yote kwa sauti ndogo, kisha akanyamaza. Sisi tukasimama, tukamzunguka, tukamwekea mikono. Tukakemea weee! Katikati ya maombi nikapata ule moto ambao kila aliyewahi kuongoza mkesha anaujua, nikafungua kinywa nikasema, "Mtumishi, Bwana ananiambia kabla ya Ijumaa jina lako litatoka." Watu wakashangilia. Yeye akalia.

Ijumaa ikafika, jina halikutoka. Ijumaa ya pili, kimya. Nikamwambia aongeze imani. Nikamshauri afunge siku tatu. Sasa fikiria, ndugu msomaji: namwambia mtu afunge, wakati mtu mwenyewe kwa wiki kadhaa alikuwa anakula mlo mmoja kwa siku, na siku nyingine hata huo haupo. Hakuniambia, na mimi sikuuliza. Nilikuja kujua alipoanguka darasani saa nne asubuhi, wenzake wakambeba hadi zahanati. Hawakumkuta na malaria wala taifodi. Ilikuwa njaa tu.

Kumbe waliokuwa wamemshikilia siku zote zile ni watu wawili. Wa kwanza ni mwenzake wa chumba, kijana Mwislamu, aliyekuwa akirudi na sahani ya wali maharage anaigawa katikati bila maneno mengi. Wa pili ni mama ntilie wa nje ya geti, aliyekuwa akimwandikia kwenye daftari la madeni na kumwambia, "Kula mwanangu, utalipa bumu likitoka." Wiki ile aliyoanguka, mwenzake alikuwa amesafiri kwao kwenye msiba, na yeye aliona haya kwenda kuongeza deni. Alikuwa na kikundi kizima cha watu wa kumwombea, lakini aliona haya kutuambia kwamba hajala. Hilo peke yake lilitosha kunikosesha usingizi.

Na mkopo je? Hapo ndipo aibu yangu inapozidi. Baada ya kutoka zahanati, mwenzake wa chumba alimpeleka kwa afisa anayeshughulikia mikopo hapa chuoni. Yule mama alifungua maombi yake, akayapitia kama dakika kumi, akaona tatizo. Kijana aliambatisha cheti cha kifo cha baba yake bila kukihakiki RITA. Maelekezo ya Bodi ya Mikopo yanataka cheti cha kuzaliwa na cha kifo vihakikiwe kwanza. Yeye aliruka hatua hiyo kwa sababu kijijini kwao alijazia fomu kwenye kibanda cha mtandao, na hakuwa na mtu wa kumweleza. Kwa hiyo kwenye fomu alionekana kama mtu ambaye uyatima wake haujathibitishwa. Dirisha la rufaa lilikuwa limebakiza siku chache. Akaelekezwa, akahakiki, akakata rufaa, na baadaye akapata. Hakupata asilimia mia, lakini alipata.

Sisi tulikuwa tumekesha tukikemea roho ya kukataliwa, kumbe kilichokataliwa ni karatasi.

Najua wapo watakaosema, "Basi unaona, Mungu alijibu, ila kwa wakati wake." Mimi pia naamini alijibu. Lakini nataka tuwe wakweli kuhusu alijibu kupitia nani. Alipita kwa mama ntilie, kwa kijana asiyesali nasi, na kwa mama wa ofisini mwenye miwani na subira ya kusoma fomu ya mtu hadi mwisho. Kwangu mimi, niliyekuwa natamka kwa sauti kubwa kuliko wote, hakupita.

Hoja yangu ni hii: hapa chuoni tumezoea mno kusema "Bwana ameniambia", na mara nyingi tunaisema ili kujiondolea kazi ya kupenda. Ukishamtabiria mtu, umemaliza. Huna haja ya kumuuliza amekula nini, ada imebaki kiasi gani, ana sapu ngapi. Neno limeshatoka, sasa mzigo ni wake, na lisipotimia kosa ni la imani yake. Kwa hiyo anayetabiri hakosei kamwe. Mtu wa namna hiyo ni wa kuogopwa, awe nabii wa mjini au mwanafunzi wa mwaka wa pili kama nilivyokuwa mimi.

Tuangalie andiko moja ambalo nadhani ndilo linaloongoza kwa kubandikwa kwenye kuta za hosteli zetu. Yeremia 29:11. Lipo mlangoni, lipo kwenye madaftari, lipo kwenye stetasi kila matokeo yakikaribia. Ni andiko zuri, na mimi bado nalipenda. Lakini ni wangapi tumesoma sura inayotangulia?

Katika sura ya 28 kuna nabii anaitwa Hanania. Watu wa Yuda walikuwa wamepigwa na Babeli, baadhi yao wameshachukuliwa mateka. Hanania akasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwa jina la Bwana kwamba ndani ya miaka miwili mateka watarudi na vyombo vya hekalu vitarudi. Kisha akaivua nira aliyokuwa nayo Yeremia shingoni, akaivunja mbele ya watu. Bila shaka walishangilia. Nani asiyependa kusikia kwamba Ijumaa jina lake litatoka? Yeremia mwenyewe alijibu kwa kusema amina, alitamani iwe hivyo. Lakini haikuwa hivyo. Hanania hakuwa ametumwa, na sura ile inaisha kwa kifo chake mwaka uleule.

Ndipo inakuja sura ya 29, barua ya Yeremia kwa wale mateka. Barua inawaambia kwamba kule Babeli watakaa miaka 70. Wajenge nyumba, wakae ndani yake. Wapande bustani, wale matunda yake. Waoe na kuolewa. Wautafute usitawi wa mji ule waliopelekwa na wauombee. Ndani ya barua hiyo, baada ya habari hiyo ngumu ya miaka 70, ndipo linapokuja lile andiko la ukutani. Tumaini lile walipewa watu walioambiwa ukweli kwanza. Na maelekezo waliyopewa ni ya kawaida kabisa: jembe, nyumba, chakula, jirani. Sisi tumelichukua andiko la Yeremia, halafu tunaliishi kwa roho ya Hanania.

Mfano wa pili ni wa Eliya, katika 1 Wafalme 19. Huyu ni nabii aliyekuwa ametoka kuona moto ukishuka Karmeli. Sura inayofuata anamkimbia Yezebeli, anafika jangwani, anaketi chini ya mti na kuomba afe. Leo tungesema ana msongo wa mawazo, amefika mwisho. Mungu anafanya nini? Hamfokei, wala hamwambii aongeze imani. Anamwacha alale. Malaika anamgusa, anamkuta na mkate uliookwa na chombo cha maji. Anakula, anakunywa, analala tena. Anaamshwa mara ya pili, anakula tena. Safari ya siku 40 inafuata baadaye, na maagizo ya nini afanye yanakuja mwishoni kabisa, akishafika Horebu. Mungu mwenyewe alianza na chakula na usingizi. Mimi nilianza na tangazo, na chakula sikufika kabisa.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba Mungu hasemi na watu. Namwamini Mungu anayesema, na nisingekuwa Mkristo kama nisingeamini hivyo. Zipo nyakati mtu anasukumwa moyoni amtembelee fulani, anakwenda, na anakuta kweli alikuwa anahitajika. Wala sisemi tuache kuomba, maana maombi yamenivusha katika UE ambazo peke yangu nisingevuka. Ninachosema ni kwamba hata Paulo, katika 1 Wakorintho 14, anataka manabii wakinena wengine wapime. Mimi siku ile hakuna aliyenipima. Hata mimi mwenyewe sikujipima. Nilichanganya hamu yangu ya kuona muujiza na sauti ya Mungu, na jioni ya namna ile, wote wakipaza sauti, ni vigumu sana kuvitofautisha.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Nimeyajaribu mwenyewe, na si ya kupendezesha ukurasa.

Kwanza, tubadilishe lugha. Kama una neno kwa ajili ya mwenzako, sema "nahisi" au "naona kama", na umwachie nafasi ya kukataa. Hasa kwenye mambo ya ndoa, jamani! Mwanaume ukimwambia dada wa watu kwamba Bwana amekuonyesha yeye, umemnyima hata haki ya kusema hapana. Kama unampenda, mwambie unampenda. Akikataa, amekukataa wewe, hajamkataa Mungu.

Pili, kabla ya kumwekea mtu mikono, tumuulize maswali. Umekula? Unalala wapi? Fomu yako imekaguliwa na nani? Umeongea na mshauri wa wanafunzi? Maswali haya hayapunguzi upako. Yanatusaidia kujua tunaomba nini, na mara nyingine yanatuonyesha kwamba jibu la ombi liko mfukoni mwetu.

Tatu, kila kikundi, wewe wa TAFES, wa CASFETA, wa USCF, wa TMCS, kiwe na watu wawili watatu wanaozifahamu taratibu za mikopo, rufaa na mitihani, pamoja na mfuko mdogo wa chakula. Sisi tulianza na shilingi 1,000 kwa mtu kwa wiki, yaani pungufu ya bando la intaneti tunalonunua. Hela yenyewe tunampelekea mama ntilie, naye anajua nani wa kumpa sahani. Hatusomi majina mbele ya watu, maana tumeshajifunza kwamba haya inaua kama njaa.

Bado nina swali ambalo sijalimaliza. Nilimwomba msamaha yule kijana, pale pale zahanati na mara nyingine tena baadaye. Alinisamehe. Lakini kwenye maombi yetu hakurudi. Aliniambia bado anasali, ila anasali chumbani, peke yake, na akisikia mtu anapaza sauti kusema Bwana anasema, tumbo linamkata. Hili nililivunja mimi, na siwezi kulitengeneza kwa kukesha usiku mmoja. Ndiyo maana nimeandika. Kila mara tunapotia neno letu kinywani mwa Mungu, kuna mtu atakayeanza kumwogopa Mungu kwa sababu yetu.

Juma lililopita nilikuwa kwenye kimbweta na mwenzangu, tukisaidia watu wa mwaka wa kwanza kupanga nyaraka zao za rufaa. Nikamwona anakuja na kijana mwingine, mgeni kabisa, ameshika bahasha ya kaki. Akatusalimia, akasema, "Kaka, huyu hajahakiki vyeti. Mwangalieni." Hakukaa. Alikuwa na kipindi. Nikamwambia asante, nikamvutia yule mgeni nafasi, nikamuuliza kama ameshapata chai, kisha tukafungua bahasha.