Leza si kitu cha kuchezea watoto

Usiku wa Idi mosi nilikuwa nimeketi barazani na wenzangu, kikombe cha kahawa mkononi, mwanga wa kijani ulipompiga usoni dereva wa tuktuk aliyekuwa akikata kona ya mtaa wetu. Alifunga breki ghafla, akasugua macho. Alhamdulillahi hakugonga mtu. Kuinua kichwa, nikamwona mtoto wa ndugu yangu, miaka kumi, roshani na tochi ya leza mkononi. "Ami, nilikuwa nacheza tu," akaniambia. Alikuwa ameinunua kwa pesa za mkono wa Idi.

Sikumpiga. Lawama ni zetu wakubwa, kwa sababu wengi wetu tunaichukulia leza kama tochi nyingine yoyote. Sivyo. Mwanga wa taa ya kawaida hutawanyika kila upande. Wa leza huenda pamoja kama mshale, na ukiingia jichoni, lenzi ya jicho huukusanya ukawa nukta ndogo mno juu ya retina, yaani utando wa nyuma unaotuwezesha kuona. Ndiyo maana taa ya zamani ya wati 60 haikutupofua, ilhali leza yenye nguvu ndogo kabisa kuliko hiyo yaweza kuunguza jicho.

Dunia ina viwango vya jambo hili. Leza hugawanywa kwa madaraja. Daraja la 2 ni zile za mwanga unaoonekana zisizozidi miliwati 1, ambazo mtu akimulikwa kwa bahati mbaya, kupepesa jicho humkinga. Daraja la 3R hufika miliwati 5, na hapo tahadhari inahitajika. Daraja la 3B hufika miliwati 500, na kuzitazama ni hatari. Zinazopita hapo ni daraja la 4, ambazo huunguza ngozi, huweza kuwasha moto, na hata mwanga wake uliogonga ukuta ukarudi waweza kudhuru macho.

Lakini je, kibandiko kinasema kweli? Mwaka 2013 taasisi ya vipimo na viwango ya Marekani, NIST, ilitoa matokeo ya kupima tochi 122 za leza. Karibu asilimia 90 ya zile za kijani na asilimia 44 ya zile nyekundu hazikufuata kanuni za usalama za nchi hiyo. Nyingi za kijani hutengeneza rangi hiyo kwa kutumia mwanga mwingine usioonekana. Ikiwa ni za bei rahisi zisizo na kichujio kizuri, mwanga ule huvuja. Jicho haliwezi kupepesa kwa kitu lisichokiona.

Baya zaidi, jicho likiungua kwa ndani mara nyingi haliumi. Mtoto hatalia. Baadaye ataona doa katikati ya ukurasa, na mwalimu atadhani ni mzembe wa kusoma. Retina ikishaharibika, miwani haiirudishi.

Na madhara hayaishii kwa anayechezea. Kule Marekani, mwaka 2023 pekee, marubani waliripoti visa 13,304 vya ndege kumulikwa kwa leza. Mwanga ule hupanuka kadiri unavyokwenda mbali, ukifika kwenye kioo cha rubani hutapakaa akashindwa kuona mbele, pengine wakati anatua. Sisi wa Mombasa ndege hutupita juu ya paa zikishuka uwanja wa Moi. Wapenzi wa kandanda nao wanakumbuka Machi 29, 2022, Mohamed Salah alivyojaa kijani usoni akipiga penalti dhidi ya Senegal, akakosa. FIFA iliitoza Senegal faranga za Uswisi 175,000 kwa makosa ya siku ile, leza ikiwemo.

Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2018: anayemulika leza dereva au rubani na kumtia kiwi aweza kufungwa hadi miaka mitano. Wabunge wetu wa Pwani walitazame hilo. Shirika letu la viwango, KEBS, nalo lisingoje ajali. Bidhaa nyingi huingilia bandari hii hii yetu. Zichukuliwe sampuli, zipimwe, zinazozidi ziondolewe.

Nasi tuna yetu ya kufanya. Usimnunulie mtoto tochi ya leza, hata ikiwa imeandikwa "salama". Mwalimu anayeitumia kuonyesha ubaoni achague isiyozidi miliwati 1. Dada zetu wanaokwenda saluni kuondolewa nywele kwa leza wajue mashine hizo huwa za daraja la 4: ukiona huvalishwi miwani maalumu ya kukinga macho, inuka uondoke. Na aliyemulikwa akaendelea kuona doa, asisugue jicho wala asitie dawa za mtaani. Aende kwa daktari wa macho.

Tahadhari kabla ya hatari, walisema wazee, na dini yetu haituruhusu kumdhuru mtu kwa jina la mchezo. Ile tochi nimeivunja mbele ya mwenyewe, nikamweleza sababu. Kisha nikamrudishia pesa zake. Amenunua mpira.