Aliyetoka asitukanwe

Wadau, leo nna la moyoni. Sisi tuliotoka kwenye vikundi vya dini, tukikaa vimbwetani mjadala hauchukui dakika kumi unageuka matusi: "mlikuwa wajinga", "we bado hujapona". Jamani! Msitu wa Shakahola, kule Kilifi, ulifukuliwa kuanzia 2023, ikatoka miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo. Kuwaita marehemu wajinga kunamtoa nani ndani?

Humo tulifundishwa kuwa walimwengu watatudharau. Sasa tukitukanana, si tunamthibitishia mhubiri maneno yake? Anayesitasita mlangoni akitusikia anarudi ndani. Fundisho libomoeni mpaka kuche, ruksa. Mtu mwachieni heshima yake.

Ndo hayo. Nawahi kipindi, tutaonana jioni.