Tusisahau upasuaji wa kope

Makala yenu ya upasuaji wa macho imeeleza vizuri darubini na mashine za kutolea mtoto wa jicho, ila huku Turkana kuna upasuaji mwingine unaostahili kutajwa: wa kope zilizogeukia ndani kwa sababu ya trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza. Kila mgonjwa anapopepesa, nywele za kope hukwaruza kioo cha jicho mpaka kinaingia ukungu. Nimewaona akina mama Kakuma wakizing'oa kwa kibanio. Zinaota tena, fupi na zenye kuchoma zaidi.

Dawa yake ni kisu. Baada ya ganzi, ukope wa juu hubanwa kwa kibano chenye bamba la chuma linalolinda jicho na kuzuia damu. Aina moja ina jina la Keith Waddell, daktari wa macho aliyefanya kazi Uganda. Mkato hupita kama milimita 3 kutoka ukingoni, kisha nyuzi huugeuza ukingo utazame nje. Mkato ukiwa mfupi au nyuzi zikilegea, kope hurudi ndani. Muuguzi au afisa wa kliniki aliyefunzwa anaiweza kazi hii hata katika zahanati, mradi vifaa ni safi na mwanga upo.

Kwa hiyo kaunti isingoje kambi za macho zifike Lodwar. Wafunzeni watu wetu, muwape vifaa, na awepo wa kumfuata mgonjwa siku ya kutoa nyuzi, maana familia ya wafugaji huenda imeshahama. Maji nayo yaletwe, maana uso safi husaidia kuzuia trakoma: watoto watanawaje uso na visima vimekauka?