Takmim, Kidonge na Sinia la Ijumaa

Tangu tuongee habari za takmim kwenye podikasti, meseji zenu zimekuwa zikiingia usiku wa manane, na nyingi zinauliza kitu kilekile: "Na mambo ya chumbani je?" Leo tuyaseme.

Takmim, kwa ambao hamjui, ni kukata tumbo la chakula. Linaondolewa kama asilimia 80, linabaki jembamba kama mkono wa kanzu, na ndilo jina lake kwa Kiarabu. Hapa Al Sadd sijui nyumba isiyomjua mtu aliyefanya.

Binti wa mama yangu mkubwa alifanya. Kanipa ruhusa niseme, nimwite Dada tu. Zamani hedhi yake ilikuwa inaruka miezi minne, mitano, kwa sababu ya vifuko kwenye ovari. Alipopungua, ikarudi kila mwezi. Hii ni kawaida: uzito ukishuka, mayai yanaanza kutoka tena, hata kwa mtu aliyekata tamaa ya kuzaa.

Hamu nayo ikarudi. Lakini ngozi ya tumbo imelegea, anaona haya, taa lazima zizimwe. Mumewe hajali, yeye ndiye anayejali. Hilo hakuwa na mtu wa kumwambia. Bibi zetu walikuwa na somo wa kuwafundisha mambo haya. Sisi tuna simu tu.

Aliambiwa asishike mimba mapema. Madaktari wengi wanasema ngojea miezi 12 mpaka 18, kwa sababu uzito bado unashuka na mwili una upungufu wa chuma, foliki na vitamini B12. Basi akawa anameza vidonge vya majira. Ila mwanzoni alikuwa anatapika sana, na hakuna aliyemwambia kwamba ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, kidonge hicho ni kama hukukimeza. Na kwa waliofanya baipasi, ambapo utumbo nao unarukwa, dawa yenyewe huenda isinyonywe vizuri. Uingereza wataalamu wanashauri usitegemee kidonge kabisa baada ya operesheni hizi, bora kitanzi au kijiti, maana hivyo havipiti tumboni. Muulize daktari wako kabla ya operesheni, si baada.

Mwezi wa tano akatapika asubuhi. Akasema, aa, nimekula haraka tu. Kumbe.

Mama mkubwa alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Dada alikuwa chooni analia.

Sasa njooni kwenye sinia la Ijumaa. "Kula mwanangu, umekuwa kama ufito, mnakula wawili sasa!" Wali anarundikiwa, na akila vijiko vitatu vya wali hana nafasi ya kitu kingine. Anahitaji protini kama gramu 60 kwa siku au zaidi, na yai moja lina 6 tu. Kwa hiyo samaki kwanza, wali mwisho, ukibaki nafasi. Maji asinywe na chakula, angoje nusu saa. Karak asinywe karibu na kidonge cha chuma, chai inazuia chuma kuingia mwilini. Tende nyingi kwa pamoja zinamfanya atoke jasho na moyo kwenda mbio. Na maini, ambayo mama mkubwa alimkaangia kwa mapenzi yote, yana vitamini A nyingi mno kwa mjamzito. Hapo palikuwa na ugomvi kidogo.

Jambo moja zaidi, maana kliniki wanaweza wasijue historia yako: kile kipimo cha sukari cha wajawazito, cha kunywa maji matamu, waambie mapema kwamba umefanya takmim. Kinaweza kukuangusha, na wana njia nyingine ya kupima.

Dada yuko mwezi wa saba. Damu ilishuka, akatundikiwa chuma kwenye dripu, na mtoto anapimwa ukuaji mara kwa mara. Jana tulishuka pamoja stesheni ya metro hapa Al Sadd, akakaa kwenye benchi, akatoa kijaluba kwenye mkoba. Mayai mawili, yameshamenywa. Mama mkubwa ndiye anayemchemshia siku hizi, kila asubuhi, na anampigia simu saa tano kuuliza kama ameyamaliza.