"Nimefanya" na "Nilifanya" katika Barua Zetu za Kiingereza

Mwenzetu mmoja, karani wa siku nyingi, aliomba nyongeza ya mshahara wapewayo watumishi waliokaa kazini zaidi ya miaka kumi. Barua yake ilipangwa vema, wala haikuwa na kosa la herufi hata moja. Katika mstari wa pili alisema, "I worked in this office for eleven years." Baada ya majuma matatu alijibiwa kwa adabu, akaulizwa aliacha kazi tarehe gani na kwa sababu gani. Maskini, jibu hilo alilifungua akiwa ameketi pale pale katika kiti chake cha miaka kumi na mmoja.

Ametupa ruhusa ya kulieleza jambo hili, mradi tusimtaje jina. Twalieleza si kwa kumcheka, maana barua za namna hii tumekwisha ziandika sisi wenyewe, bali kwa kuwa nyongeza ile ilikuwa haki yake, na neno moja liliichelewesha.

Tulipomwuliza angalisemaje kwa Kiswahili, alijibu mara moja, "Nimefanya kazi hapa miaka kumi na mmoja." Hakusema "nilifanya", maana kila amsikiaye angedhani amekwisha ondoka. Basi tofauti aliijua tangu utotoni. Kalamu ndiyo iliyoisahau. Shuleni wengi wetu tulikaririshwa orodha ndefu ya nyakati za vitenzi, tukazipanga kama askari katika gwaride, lakini hatukufundishwa kuzilinganisha na maneno yaliyomo vinywani mwetu. "I have worked" huifunga kazi ya zamani na siku ya leo. "I worked" huikata, ikabaki nyuma.

Tena tunacho kipimo kizuri ambacho Mwingereza mwenyewe hana, nacho ni namna yetu ya kukana. Mtu akisema "Mshahara haujalipwa", bado anangojea. Akisema "Mshahara haukulipwa", siku yake imepita, naye yu njiani kwenda kulalamika. Hakuna mtu mzima azichanganyaye hizo mbili. Ya kwanza kwa Kiingereza ni "has not been paid", ya pili ni "was not paid". Kwa hiyo ashindwaye kuchagua na aligeuze neno lake liwe la kukana. Likitoka na "-ja-", aandike "have" au "has". Likitoka na "-ku-", aandike wakati uliopita peke yake.

Kipimo hiki huponya hata kosa lile linaloenea kuliko yote, "I have received your letter yesterday." Sisi twasema "Nimeipokea barua yako jana", na hapana atushangaaye. Lakini jaribu kukana: "Sijaipokea jana"? Ulimi wenyewe wakataa. Twasema "Sikuipokea jana". Kiingereza hufuata njia hiyo ya pili daima. Palipotajwa jana, au juma lililopita, au mwaka 2019, "have" haina nafasi.

Walakini kipimo hiki kina mahali kinapovunjika, nasi tusifiche. Msimamizi mmoja alimkuta mlinzi wa ghala usingizini usiku wa manane, akaandika katika taarifa yake, "The watchman has slept." Mkubwa wake hakuona kosa: mlinzi amelala, ameamka, ana nguvu mpya, kuna ubaya gani? "Amelala" ya msimamizi ilikuwa na maana ya "is asleep". Ndivyo yalivyo maneno yetu yote yanayoeleza hali ibakiyo baada ya tendo: amechoka, amesimama, ameketi, amevaa. Mtu aliyevaa kofia "is wearing a hat", si "has worn a hat". Bibi E. O. Ashton, aliyetoa sarufi yake ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1944, aliwaeleza wasomaji wake jambo hilo hilo kutoka upande wao, kwamba "-me-" huweza kuonyesha hali iliyobaki. Basi mtego huu hunasa pande zote mbili. Kadhalika "Niko hapa tangu 2015" si "I am here since 2015", bali "I have been here since 2015."

Wako watakaosema kwamba Kiswahili kimekwisha pata cheo chake, na mambo haya tuwaachie walimu. Ni kweli kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekitaja Kiswahili pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilikifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama. Twafurahi sana. Lakini sheria nyingi zilizotangulia ziliandikwa kwa Kiingereza, na mwenye kudai haki kwa andiko lililotungwa kwa lugha hiyo hana budi kujua lilisema nini. Mahakama nazo hazidharau wakati wa kitenzi. Sheria moja ya Marekani ya mwaka 2006 iliweka adhabu kwa watu fulani ambao, wakisafiri toka jimbo hata jimbo, hawajiandikishi. Neno lililotumika lilikuwa "travels". Mtu mmoja aliyehama kabla sheria ile haijatungwa alishtakiwa, akatiwa hatiani, naye akakata rufaa hata Mahakama ya Juu. Mwaka 2010 majaji wengi wa mahakama hiyo walisema kwamba "travels" si neno la safari iliyokwisha pita kabla ya sheria, na hukumu ile ikatenguliwa.

Sasa tuje kwenye virejeshi, yaani "who", "which" na "that". Kosa la kwanza ni jepesi. Twaandika "the letter which I wrote it", kwa kuwa "barua niliyoiandika" ina "-yo-" ya kurejesha na "-i-" ya kuitaja barua yenyewe, na zote mbili zakaa kwa amani katika neno moja. Katika Kiingereza "which" imekwisha fanya kazi zote mbili, na "it" ni abiria wa pili katika kiti cha mtu mmoja. Iondolewe.

La pili lataka uangalifu zaidi, maana hapa lugha yetu ni tajiri kuliko ile. Sisi twasema "kifuniko cha sanduku kilichoharibika" au "kifuniko cha sanduku lililoharibika", na msikilizaji ajua mara moja kipi kimeharibika. Mwingereza husema "the lid of the box which was damaged", kisha hujui. Ikiwa sanduku hilo ni la fedha na kuna upelelezi, afadhali kuandika sentensi mbili fupi kuliko moja ya kubabaisha.

La tatu ni ile alama ndogo ya mkato. Katika ofisi moja tuijuayo palikuwa na matarishi ishirini na watatu. Wanne walichelewa siku ya Jumatatu. Ukatoka waraka, "The messengers, who reported late on Monday, will not be paid for that day." Aliyeuandika alikuwa na maana ya "matarishi waliochelewa", wale wanne tu. Lakini mikato ile miwili husema "matarishi, ambao wote walichelewa". Mhasibu, ambaye hakuwajua hata mmoja wao, aliusoma kama ulivyo, akakata mshahara wa siku moja kwa wote ishirini na watatu. Kumi na tisa walikatwa bila kosa, na miongoni mwao walikuwamo waliofika kabla jua halijachomoza.

Walalamishi walikwenda kwanza na hoja za huruma, wakataja watoto, kodi ya nyumba na bei ya unga, hawakusikilizwa. Ndipo mmoja wao, kijana wa darasa la nane, alipouchukua waraka na kuonyesha kwa kidole mikato ile miwili. Waraka ulipigwa chapa upya siku ya tatu, bila mikato, na wale kumi na tisa wakalipwa mwisho wa mwezi.

Jarida hili nalo hutolewa kwa stensili, na stensili iliyochakaa huimeza mikato, au huizusha mahali isipokuwapo. Atakayeona mkato wa kutiliwa shaka katika nakala yake na ailete kwa mwandishi, tuilinganishe na karatasi ya asili.