Riwaya Imerudi kwa Mwenyewe

Dada mpendwa wa Usoke, hongera kwa kurudishiwa haki za riwaya yako. Umetuuliza kama ukope ili uchape nakala elfu moja. Sisi tunasema hapana. Kwanza, barua ya kukurudishia haki iwe na sahihi ya mchapishaji. Jalada la zamani usilitumie bila idhini, maana mchoro nao una mwenyewe. Namba mpya ya ISBN iombe Bodi ya Huduma za Maktaba. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake mwaka 1945, ikachapishwa mwaka 1980. Wewe kungoja malipo ya tumbaku si kitu! Ndipo uchape mia mbili, uzipeleke Tabora kwa treni. Ada ya watoto isiguswe.